Mama Hakosei Salamu

Kaka yangu alipopiga simu kutoka Maskati kusema anakuja, nilikuwa jikoni na mwiko mkononi, na jibu nililompa lilikuwa ni "Haya." Akaniuliza kama sikufurahi. Nikamwambia nimefurahi. Kusema kweli sikuwa nimefurahi wala sikuwa nimekasirika. Moyo wangu ulikuwa umekufa ganzi tangu zamani, na habari, iwe njema au mbaya, ilikuwa ikiniingia sikio hili na kutokea lile. Lakini nilipoweka simu chini nikawaza, afadhali aje. Aje aone kwa macho yake.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Binti yangu yuko Malindi kwa mumewe, alikuwa na mimba yake ya kwanza, nzito, na daktari alimkataza hata kupanda gari. Kwetu, binti akijifungua mtoto wa kwanza hurudi kwa mamake akakaa siku arubaini, akandwe maji ya moto, afungwe tumbo, anyweshwe uji wa pilipili manga mpaka aote jasho. Ikiwa yeye hawezi kuja, mama huenda. Mimi nilitakiwa niende, na siku zilikuwa zinakaribia. Lakini nisingeweza kwenda, kwa kuwa mama yangu mzazi, ninayeishi naye hapa Mtopanga, hakuwa tena mtu wa kuachwa peke yake hata kwa muda wa kwenda dukani. Alikwisha kutoka nje akisema anarudi kwao, kwenye nyumba iliyobomolewa mimi sijazaliwa. Alikwisha kufungua gesi bila kuiwasha akaenda zake kulala. Alikwisha kumkaribisha mtu asiyemjua, akamwandalia chai na kaimati, na yule mtu akashiba, akashukuru, akaondoka na redio yetu.

Wa kukaa naye alikuwa mmoja tu: mama mdogo, nduguye mama, anayeishi Tanga. Mumewe alikwisha fariki, watoto wake wana nyumba zao, na duka lake la madera lina msichana anayeweza kulisimamia. Lakini mamdogo hakuamini kwamba mama anaumwa. Kaka pia hakuamini. Nao walikuwa na sababu moja ya kutoamini, kwamba mama hakosei salamu.

Sisi salamu zetu si za kupita. Mtu akiingia nyumbani huulizwa hali yake, kisha hali ya watu wa nyumbani kwake, kisha ya huko atokako, halafu huulizwa tena hali yake mwenyewe, utadhani imebadilika katika muda ule. Na majibu yote yanajulikana. Mama amelelewa na watu waliokuwa wakisalimiana hivyo hata wakikutana mara tatu kwa siku kwenye ukumbi mmoja. Maradhi yale yamekula majina ya watoto wake, yamekula mauti ya mumewe, yamekula tofauti ya adhuhuri na magharibi, lakini salamu hayakuzigusa. Kaka akipiga simu nampa mama, nami nasimama kando nikisikiliza: "Marahaba, mwanangu. U hali gani? Wa huko wote wazima? Alhamdulillahi. Nasi tupo, twamshukuru Mungu. Haya mwanangu, Mungu akuhifadhi." Kisha ananirudishia simu na kuniuliza, "Yule alikuwa nani?" Kaka huko aliko ameshakata, roho yake imetulia.

Na kuna jambo jingine. Kwetu mzee hatahiniwi. Huwezi kumsimamia mtu mzima ukamuuliza, "Wanijua mimi ni nani?" Utaambiwa huna adabu, na watakaokuambia watakuwa na haki. Wewe ndiye wa kumwendea na kujitaja, mimi fulani, wa nyumba fulani, mtoto wa fulani. Kwa hiyo kila mgeni aliyekuja kwetu alimletea mama swali na jibu lake katika mfuko mmoja. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemkamata. Mimi tu, niliyelala naye chumba kimoja, ndiye niliyejua, na kila niliposema nilionekana mtu aliyechoka kumtunza mamake.

Jumamosi, siku ya wageni, rafiki yangu alikuja asubuhi na mapema kutoka Kiembeni. Tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza, na kila nyumba yangu ikiwa na shughuli huja na kisu chake mwenyewe, kwa sababu vyangu, asema, havikati hata siagi. Nikamwachia mama, nikaenda Kongowea. Malori ya vitunguu yalikuwa bado yanateremsha mizigo, na mahamali wakisukuma mikokoteni yao katikati ya watu wakipiga kelele wapishwe njia. Nilinunua viazi, nyanya, nazi, ndimu, na mchele wa pilau. Muuza nazi akaniuliza kama nina harusi. Nikamwambia nina wageni. Nilipokuwa nikitoka, mkokoteni mmoja ulinigonga kisigino, na yule hamali akasimama akaniomba radhi kwa unyenyekevu mwingi, akaniombea na kwa Mungu, mpaka nikashangaa anaomba radhi ya nini. Nilipotazama chini nikaona kiatu kimeloa damu.

Nilipofika nyumbani, rafiki yangu alikuwa amekwisha kumenya vitunguu saumu na alikuwa mchangamfu kweli.

"Mamako mashallah," akaniambia. "Wallahi ni mzima kunipita mimi. Tumezungumza asubuhi yote."

"Mmezungumza nini?"

Akafungua kinywa, akakifunga. Akafikiri. "Basi, mazungumzo tu. Ya dunia."

Nikamwambia sawa, nikateleka sufuria. Hata yeye, ambaye nilikuwa nimemweleza yote tena na tena, alikuwa ameingia mkenge. Sikumlaumu. Mama akikuuliza habari za kwenu kwa ile sauti yake ya taratibu, wewe mwenyewe unajisikia umetembelewa.

Kaka alifika karibu na adhuhuri. Alimpitia mamdogo aliposhuka basi la Tanga, wakaja pamoja kwa tuktuk, mabegi yamefungwa juu kwa kamba. Kaka alikuwa ananukia udi, amenenepa, mvi zimemjaa kidevuni. Mamdogo alikuwa na mfuko wa machungwa ya Muheza ambao hakukubali mtu amsaidie kuubeba. Nikawapokea, nikawakumbatia. Nakumbuka nilifikiria kwamba wali utashika chini.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake ukumbini, nimemvisha leso mpya na kumtia wanja. Kaka akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mama. Mwanao nimekuja."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu. Ndoo karibu nami ukae kitako. U mzima? Safari ilikuwa njema?"

"Njema, mama."

"Na uliowaacha huko, wote wazima?"

"Wazima, mama. Wakusalimu sana."

"Wa alaihim salaam. Mungu awaweke. Nawe wajionaje?"

 Kaka alilaza kichwa kwenye mapaja ya mama akalia, mtu mzima yule, na mama akamfuta machozi kwa ncha ya leso akimwambia, "Nyamaza mwanangu, ndiyo dunia." Mamdogo naye akalia. Rafiki yangu akalia jikoni, kwa vitunguu au kwa huruma, sijui. Kisha kaka akainua macho akanitazama juu ya bega la mama, na nilifahamu mtazamo ule bila kuelezwa. Alikuwa akiniuliza: huyu ndiye uliyeniambia amepotewa na akili?

Tukala. Alasiri akaja shoga yake mama kutoka Likoni, amevuka kivuko mwenyewe na fimbo yake. Hao wawili walicheza lelemama pamoja walipokuwa wasichana, na yule bibi bado huinua mabega akisimulia. Alikaa na mama mkekani mpaka jua likapoa. Alimweleza habari za mke mwenziwe aliyefariki, za shamba walilogombania watoto, za goti lake linalolia kama mlango. Na mama, kila palipotakiwa neno, alilitia. "Ehee?" "Wallahi?" "Subhanallah." "Mungu amrehemu." "Pole, mwenzangu." Sikumsikia akitia neno moja mahali pasipo pake. Nilipomsindikiza yule bibi hadi njiani, alinishika mkono.

"Mwanangu, wenzangu wote siku hizi hawajui kusikiliza. Kila mmoja ataka kusema yeye. Amebaki mamako tu."

Nikamwambia ahsante. Nilijua hapo palikuwa pa kucheka, au pa kulia, moja katika hayo mawili. Nikangoja kidogo, hakikuja chochote, nikarudi ndani kuosha vikombe.

Baada ya magharibi, mama akiwa chumbani na tasbihi yake, niliwakalisha kaka na mamdogo nikawaambia yote tena. Nilieleza ya gesi, ya nyumba iliyobomolewa, ya mgeni na redio. Nilisema pole pole, kwa sauti ya kusoma bei za sokoni, na naamini hilo nalo liliniharibia. Mtu mwenye shida kubwa hutarajiwa apaze sauti.

"Huo ni uzee," kaka akasema. "Nani asiyesahau? Mimi mwenyewe jana nimetafuta miwani nayo iko usoni."

"Si kusahau miwani, kaka."

"Mwanangu, wewe umechoka," mamdogo akasema. "Nenda kwa mwanao, huyo ndiye akuhitajiye sasa. Mamako atakaa hapa, jirani atamtupia jicho. Mtu asema nami vizuri hivi, niache duka nimlinde na nini?"

"Basi muulizeni," nikasema. "Ingieni mle ndani mmuulize nyinyi ni nani."

"Astaghfirullah! Nimtahini dadangu mkubwa?"

Kaka alikuwa amekunja uso. "Wataka tumtie mama aibu," akaniambia, "kwa kuwa wewe wataka kwenda Malindi."

Lilikuwa neno la kuumiza, na zamani lingeniumiza wiki nzima. Nililisikia likipita. Nikakusanya vikombe. Simu ikalia, binti yangu, akaniuliza, "Mama, waja lini?" Nikamwambia nitakuja, inshallah.  Amekua kwenye nyumba yetu, anajua jinsi mtu anavyosema inshallah akiwa hana hakika, na nilimsikia akipumua kwa taabu na lile tumbo lake mpaka akasema, "Haya, mama."

Niseme na hili, kwa kuwa bila hili mtu hatanielewa. Sikuwa na shaka kwamba mimi mama ananijua. Wengine walikuwa wamekwisha mtoka, hilo nilijua, lakini mimi alikuwa akinifuata chumba hadi chumba. Nikichelewa uani aliita. Nikimkosha alinipa mkono mwenyewe, bila woga, na usiku alilala amenishika ncha ya dera. Miaka ile yote nilijipa moyo kwa hilo tu. Nilikuwa nimeacha kazi, nimeacha kwenda harusini, na sikumbuki ni lini nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, lakini nilijiambia walau yupo mtu mmoja duniani mama anamjua, na ndimi.

Jumapili ilikuwa ni watu. Jamaa wa upande wa baba walikuja, majirani walikuja, wengine walikuja kwa kusikia harufu ya pilau. Picha zilipigwa, mama katikati, akiwaambia wote karibuni na msipotee. Mimi nilipakua, nikaongeza achari, nikapakua tena. Kila aliyeondoka aliniambia jinsi mama alivyo mzima, na kila mmoja nilimjibu alhamdulillahi. Rafiki yangu alinitazama usoni akiwa anakausha sinia, akaniuliza kama nimekula. Sikukumbuka. Akanilisha tonge mbili kwa mkono wake, nami nikatafuna.

Baada ya alasiri mabegi yakatolewa ukumbini. Kaka alikuwa analala kwa wakweze Changamwe, karibu na uwanja wa ndege, na mamdogo alikuwa amekwisha kuvaa buibui, basi lake linamngoja. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni na taulo la vyombo begani. Yamekwisha, niliwaza. Wanakwenda. Binti yangu atajifungua na wakweze watamkanda kwa namna yao, na mimi nitakuwa hapa nikiangalia gesi. Niliwaza hivyo bila uchungu, na hilo ndilo lililonitisha kidogo.

Kaka akapiga magoti kuaga. Mama akamwombea dua ndefu, nzuri, hakukosa hata herufi. Nadhani dua ile ndiyo iliyompa kaka ujasiri. Akacheka, akanigeukia akanionyesha kwa kidole.

"Mama, huyu mwenzetu atwambia wewe siku hizi wasahau. Hebu mkate maneno. Huyu hapa ni nani?"

"Wee!" mamdogo akamkemea. "Wamtahini mamako?"

Lakini kaka alikuwa bado anacheka. Hakuwa amemuuliza swali gumu. Asingethubutu kumuuliza habari za nafsi yake, aliyekuwa ng'ambo miaka mingapi. Alichagua swali jepesi kuliko yote, kuhusu mtu anayemwona kila saa. Na mimi nilijua ameshinda. Atajibu sawa, nikawaza, na Malindi nimeikosa.

Mama akanitazama. Alinitazama kwa muda, kwa upole, kama umtazamavyo mtu unayetaka kumsifu mbele za watu.

"Huyu?" akasema. "Huyu ni mtu mwema sana. Yuaja hapa kila siku kunitizama. Anipikia, anikosha, na usiku alala papa hapa asiniwache. Hajanitolea neno baya hata siku moja."

"Eh, lakini ni nani, mama?"

Mama akamvuta kaka karibu, akapunguza sauti ili nisisikie, nami nilisikia vizuri kabisa.

"Simjui ni wa nani. Nimeona haya kumuuliza, amekaa nasi sana hata kuuliza imekuwa aibu. Lakini kwao wamemlea."

 Nje kulikuwa na mtu akibishana na dereva wa tuktuk. Kicheko cha kaka kilibaki usoni pake kwa muda, hakikuwa na pa kwenda.

"Na mimi, mama?" akauliza, sauti imekuwa ndogo.

"Wewe mgeni wetu, mwanangu," mama akamwambia, akimpapasa kichwa. "Karibu tena. Usipotee."

 Mamdogo alivua buibui, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Akachukua begi lake akalipeleka chumbani kwa mama, na nikasikia zipu ikifunguliwa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akaniambia, "Nenda kwa mwanao. Wala usirudi mpaka arubaini iishe. Nionyeshe tu hiyo gesi inafungwaje." Kaka alikuwa amekaa sakafuni karibu na mabegi, ameshika kiatu kimoja. Aliniita jina langu, lile la utotoni, ambalo hajaniita tangu tulipokuwa wadogo. Nikamwambia avae kiatu, tuktuk inangoja.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka, chote, bila kupunguziwa. Nikaingia jikoni nikasimama mbele ya masufuria. Rafiki yangu alikuwa amesikia, alizima bomba akaja akasimama ubavuni kwangu bila kunigusa. Nilingoja nifurahi. Badala yake kisigino kikaanza kuniuma, kile kilichogongwa Kongowea, kikauma kweli kweli, na nikainama nikakishika, na hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, mimi, mbele ya wageni. Ukumbini nilimsikia mama akimwambia mamdogo, "Huyo mtoto wa watu alia nini? Mpeni maji."

Asubuhi yake nilifunga begi. Mamdogo alikuwa jikoni akichemsha chai na kulalamika kuhusu visu vyangu. Nikaenda kumuaga mama, nikapiga magoti kama wageni wote walivyopiga, nikaubusu mkono.

"Shikamoo, mama. Mimi nakwenda."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akufikishe salama." Akaushika mkono wangu, hakuuachia mara moja. "Umenifaa sana wewe. Ukifika kwenu, nisalimie mamako. Mwambie nimesema ahsante."

"Zitafika, mama," nikamwambia.